Hodi ya Kulipia

Washington kuna watu ambao kazi yao ni kubisha hodi. Kwa heshima huitwa washawishi. Kwetu tungewaita madalali. Wanajua ni msaidizi gani wa mbunge anayeandaa rasimu ya bajeti, na ni lini maombi ya ruzuku yanaanza kupokelewa. Kampuni za dawa na za silaha kuwa nao si habari. Kinachokera ni kwamba katika orodha za wateja wao, ambazo sheria inataka ziwekwe wazi, zimo pia wilaya za shule za umma.

Mwananchi analipa kodi ya nyumba ili watoto wasome. Wilaya inamega sehemu ya fedha zake, inamlipa dalali, naye anakwenda kuiomba serikali kuu fedha zilizotoka kwenye kodi nyingine ya mwananchi yuleyule. Tangu 1989 sheria inakataza kutumia fedha za serikali kuu kutafutia ruzuku zake, hivyo ankara ya dalali inaangukia mfuko ambao ungemlipa mwalimu.

Sisi tunaosomea uzamili wa sera tunafundishwa kuliita jambo hili stadi: kujenga mahusiano. Watetezi wake wanasema linalipa, kwamba dola moja huvuta nyingi. Tukubali. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu. Ruzuku ya ushindani ni kapu moja. Aliyechota zaidi kwa sababu ana mtu wa kumsemea, amemwachia pungufu asiye naye. Marekani ina zaidi ya wilaya za shule 13,000. Nyingi ni ndogo, na mkono mtupu haulambwi.

Kuna njia nyingine, na Wamarekani wenyewe waliibuni. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, aliyewahi kuwafundisha watoto maskini huko Texas, alitia saini sheria ya kuzisaidia shule zao. Msingi wake ni kuhesabu: fedha hugawanywa kwa kanuni inayoanzia kwenye idadi ya watoto maskini. Hapo mtoto anahesabiwa, habembelezi. Lakini pembeni yake zipo ruzuku za kushindania, na tangu 2021 wabunge wamerudishiwa uwezo wa kutaja miradi ya majimbo yao kwenye bajeti, uliokuwa umesitishwa miaka kumi. Huko kujulikana ni mtaji.

Wazazi wa Edgewood, wilaya maskini ya San Antonio, walijaribu kupitia mahakamani. Walijitoza kiwango cha kodi kikubwa kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights, lakini kodi hiyo iliwapatia dola 26 kwa kila mwanafunzi, na majirani 333. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwaambia kwamba elimu si haki ya msingi inayolindwa na katiba ya nchi. Kisichokuwa haki huombwa, na penye kuomba dalali hakosi kazi.

Simlaumu mkuu wa wilaya anayemwajiri. Ameona mlango unavyofunguka. Nawalaumu walioweka mlango. Fedha za shule zigawanywe kwa kuhesabu watoto na shida zao. Na pale ambapo ni lazima kuomba, serikali itume maofisa wake kwa wilaya ndogo wakazisaidie kujaza fomu, bure. Mtoto wa Edgewood hapaswi kutafutiwa mjuba wa kumbishia hodi nyumbani kwake mwenyewe.