Kabla hujasajili kipa, niambie nani anabaki benchi

Wadau, kwanza nikiri. Mwaka jana nilimuuza kipa wetu kwa mipira miwili na seti moja ya jezi.

Msinicheke bado. Timu yetu ya hapa Tezo haina tajiri. Ina kiwanja cha mchanga, magoli ya miti, na nyavu tunazozishona wenyewe kila mashindano yakikaribia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi nyumbani, nikakuta mimi ndiye mwenye simu yenye kamera nzuri. Basi nikapewa ukatibu: kupiga picha, kuandika matokeo, kupokea simu za timu nyingine.

Ndiyo ikaja hiyo simu. Timu moja ya huko mbele, njia ya Malindi, inamtaka kipa wetu kabla ya mashindano ya Desemba. Wanatoa mipira miwili mipya na jezi 16. Tukakaa kwa mama wa mahamri, tukala mbaazi, tukakubaliana ndani ya dakika kumi. Si tuna kipa wa pili? Ndivyo tulivyosema. Huyo wa pili mwaka mzima alikuwa hajadaka hata mechi moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tukatoka raundi ya kwanza, nne bila. Lakini jezi zilikuwa safi kweli.

Tangu siku hiyo kila dirisha la usajili likifunguliwa nasikia watu wakibishana kuhusu makipa na roho inaniuma. Tunabishana kuhusu jina linalokuja. Hakuna anayeuliza kuhusu yule anayebaki.

Majuzi usiku bando lilikuwa limebaki kidogo, nikajikuta nawaangalia Wamarekani wawili wakibishana kuhusu besiboli. Besiboli siijui, lakini nilikaa nao saa nzima. Kule kuna mrushaji anayeanza mechi. Yeye ndiye anayerusha mpira, wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo, na mrushaji akiwa na siku yake hamna kitu mtapata. Shida ni kwamba mkono unachoka. Akianza leo, anapumzika siku nne hivi ndipo aanze tena. Kwa hiyo timu ya maana inatafuta watano, wanapokezana.

Ligi ikiisha, wakati wa baridi, wanabadilishana watu. Nipe mrushaji wako, nikupe vijana wangu. Desemba 2024 Boston Red Sox walimchukua Garrett Crochet kutoka Chicago White Sox, wakatoa vijana wanne. Wanne kwa mmoja, bana! Kilichonishika ni jinsi hao jamaa walivyokuwa wanapima. Kwamba mrushaji fulani ni mkali walishakubaliana mapema. Walikuwa wanauliza: je, wa nne na wa tano ni nani? Huyu mkubwa akiumia mkono Mei, nani anaanza Juni? Na hao vijana tuliowatoa, tutawahitaji lini?

Mimi nikawaza: sisi tungeuliza hivyo pale kwa mama wa mahamri, tungeokoa Desemba yetu.

Sasa tuje kwetu. Wa Pwani mnamkumbuka Farouk Shikhalo akiwa Bandari. Msimu wa 2018/19 Bandari ikamaliza ya pili kwenye ligi nyuma ya Gor Mahia, na ikachukua kombe la SportPesa Shield... hapana, ngoja, jina la mdhamini lisitupotezee muda. Ikachukua kombe la shirikisho kwa kuwafunga Kariobangi Sharks fainali, ikapata tiketi ya kucheza Afrika. Mwaka huo huo wa 2019 Shikhalo akaenda Misri na Harambee Stars kwa AFCON, na Yanga wakamsajili.

Yaani mwaka ambao timu ya Mombasa inaingia Afrika ndio mwaka ambao kipa wake anavuka mpaka. Simlaumu Shikhalo hata kidogo. Mchezaji ana miaka michache ya kutafuta riziki, na Dar es Salaam uwanja unajaa. Ila angalia upande wa klabu: msimu mkubwa kuliko yote unaanza na mtu mpya langoni. Hilo ndilo pengo ninalolisema.

Na huko Yanga mambo hayakuwa laini. Alimkuta Metacha Mnata, naye amesajiliwa mwaka huo huo, wakawa wanagombea nafasi moja. Miaka miwili baadaye, 2021, Yanga wakamleta Djigui Diarra kutoka Stade Malien, na Shikhalo akahamia KMC. Hivyo ndivyo nafasi ya kipa ilivyo. Winga akikosa namba upande wa kulia, atajaribiwa kushoto. Kipa akikosa namba, amekosa.

Najua mtaniambia: lakini Diarra si alilipa? Alilipa, tena sana. Simba walikuwa wamechukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Diarra akafika, na Yanga nao wakachukua nne mfululizo, 2022 hadi 2025. Siyo yeye peke yake, lakini alikuwepo. Kwa hiyo sisemi jina kubwa ni pesa ya kutupa. Nasema hata na Diarra, Yanga walihitaji watu nyuma yake. Januari 2024 yeye alikuwa Kodivaa na Mali kwenye AFCON. Kipa wa kigeni mwenye kiwango ataitwa na nchi yake, na hiyo ni hesabu ya kufanya siku unayosaini, usingoje mpaka ameshapanda ndege. Yanga msimu huo walikuwa na Metacha aliyerudi, na Abdultwalib Mshery.

Sasa Simba. Hapa watani zangu mkae vizuri. Aishi Manula alikuwa kipa namba moja tangu 2017 alipotoka Azam. Mwaka 2023 akaumia, akafanyiwa upasuaji. Katikati ya mwaka huo huo Beno Kakolanya, aliyekuwa msaidizi wake tangu 2019, akaondoka kwenda Singida. Kwa hiyo mkubwa yuko hospitalini, na wa pili ameondoka. Simba wakamleta Jefferson Luis kutoka Brazil. Naye akaumia kabla hata ligi haijaanza, mkataba ukavunjwa. Wakamtafuta Ayoub Lakred kutoka Morocco.

Katikati ya hiyo shughuli yote kulikuwa na kijana anaitwa Ally Salim, kipa ambaye hakuna aliyekuwa anamhesabu. Agosti 2023, Ngao ya Jamii, uwanja wa Mkwakwani kule Tanga. Simba na Yanga, bila bila, penalti. Ally Salim akadaka tatu. Simba 3, Yanga 1. Hiyo video mimi nimeirudia sijui mara ngapi.

Halafu 5 Novemba 2023 Manula akarudi langoni, siku ya Yanga, na Simba wakala tano kwa moja. Tusiwe wajinga, mabao matano hayaliwi na kipa peke yake, na kocha Robertinho alifukuzwa siku chache baadaye. Lakini kumrudisha mtu aliyekaa nje miezi, mechi yake ya kwanza iwe hiyo? Hilo ndilo linalotokea timu inapowaza makipa kwa majina, bila kuhesabu nani amecheza dakika ngapi karibuni.

Mwaka uliofuata hadithi ile ile: Lakred akaumia kwenye maandalizi, Simba wakakimbilia Guinea kumchukua Moussa Camara wa Horoya. Hapo bahati ikawaangukia, maana Aprili 2025 dhidi ya Al Masry, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Camara alidaka penalti mbili na Simba wakapita hadi fainali mwishowe. Dili zuri kabisa. Lakini misimu miwili mfululizo kutafuta kipa kwa kukimbia ni kucheza kamari, na ipo siku utakimbia ukute duka limefungwa.

Kwa hiyo mimi nina maswali matatu, na nayauliza kwa klabu kubwa na kwa timu zetu za mchangani pia. La kwanza: kipa wa pili amedaka mechi ngapi za kweli mwaka huu? Mazoezini hapana, mechi. Warushaji wa besiboli wako watano na wote wanafanya kazi, kwa hiyo mmoja akitoka wengine wana joto. Kipa wa pili anaweza kukaa mwaka mzima akipasha misuli tu. La pili: huyu mpya atakosekana lini? Timu ya taifa, goti, mkataba. La tatu: tunachopewa kinajaza pengo, au kinatufanya tupendeze kwenye picha?

Sisi tulifeli yote matatu. Na katibu nilikuwa mimi.

Kuna jambo sikuwaambia. Yule kipa wetu wa pili ana miaka 17. Siku ya zile nne bila hakuna aliyemwambia kitu kibaya uwanjani. Lakini mimi nilipandisha video ya bao la tatu, lile lililompita katikati ya miguu, nikaweka na kicheko. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Na iliyofuata. Tulikuwa na makipa wawili, tukauza mmoja kwa mipira miwili, wa pili nikampoteza mimi kwa simu yangu.

Video nimeitoa. Januari nilienda kwao jioni, nikamkuta anakamua tui na dada yake. Nikamwomba radhi mbele ya mamake, maana kumwandikia meseji peke yake ningekuwa nakwepa. Hakusema mengi. Aliuliza tu, "Nikirudi, nitacheza ama nitakaa?"

Hilo swali ndilo makocha wote wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijibu kabla dirisha halijafunguliwa. Mimi nilimjibu: mechi moja kati ya tatu ni yako, hata tukileta kipa kutoka Brazil. Nikaenda nikawaambia wenzangu, wawili wakanuna, mmoja akasema ninaharibu timu. Sawa. Bora tufungwe Machi kwenye mechi ya kirafiki huku anajifunza kuliko Desemba akiwa peke yake.

Karudi. Jumapili iliyopita alidaka dakika 90 pale kiwanjani, tukafungwa mbili moja. Bao la pili lilikuwa kosa lake, wazi kabisa.

Kamera ilikuwa mkononi. Sikurekodi.