Tumcheke mkaguzi, mchuuzi tumwache

Muhula uliopita wanafunzi wangu walinijia na ombi. Walitaka kuigiza Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ile tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1979, lakini waifanye "ya kisasa". Nikawauliza ya kisasa maana yake nini. Wakanitajia vitambi vya mito, miwani nyeusi, suruali zinazodondoka, muziki kila mtu anapoingia, na mwisho wote wacheze. Nikakubali. Sijutii kukubali, ila baada ya onyesho la kwanza nilikosa usingizi.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, habari yenyewe ni hii. Katika mji mdogo, viongozi wamekula mpaka wamesahau kunawa. Inafika habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka mji mkuu, tena kwa siri. Kwenye nyumba ya wageni yumo kijana mmoja, Khlestakov, karani wa ngazi ya chini ambaye kamari imemmalizia nauli, na mwenye nyumba hataki tena kumpa chakula cha mkopo. Hofu ya wakubwa ndiyo inayomfanya mkaguzi. Jaji anamkopesha ruble 300, mkuu wa posta 300, msimamizi wa shule 300 (hapo mimi mwalimu huinamisha kichwa), msimamizi wa hospitali 400. Mabwana wawili wanaofuatana kama pacha anawaomba 1,000. Wanapapasa mifuko yote, zinapatikana 65. Anazichukua hizo hizo.

Wako wanaosema kazi kubwa kama hii isichezewe. Sikubaliani nao. Mimi ni mtoto wa Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wangu walifika na wakimbizi wa mwaka 1972. Mwalimu wetu alitusomesha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, tumenyooka kama tuko gwaride, na hakuna aliyetuambia kwamba kazi ile huhesabiwa miongoni mwa vichekesho vya Shakespeare. Nililijua hilo nikiwa mtu mzima, nikajiona nimedhulumiwa.

Na kupindukia si jambo geni kwa Mkaguzi. Mwaka 1926 huko Moscow, Meyerhold aliipasua tamthilia hii na kuishona upya. Aliweka jukwaani safu ya milango, na wakati wa hongo mikono ikatokeza humo ikiwa na pesa. Mwishoni, pale wahusika wanapotakiwa kuganda kwa mshtuko, aliwaondoa waigizaji na kuweka masanamu yenye kimo cha mtu. Kulikuwa na ghadhabu kubwa, lakini onyesho lile linatajwa mpaka leo. Mikono ile ilipindukia mpaka, lakini kila aliyeketi pale alijua ni mikono ya nani.

Gogol mwenyewe alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Onyesho la kwanza lilifanyika St Petersburg mwaka 1836, Tsar Nicholas wa Kwanza akiwapo, watu wakacheka sana. Mwandishi alitoka amenuna. Aliona Khlestakov ameigizwa kama tapeli wa vichekesho vya kawaida, wakati yeye alimwandika kijana mtupu anayeamini uongo wake palepale anapoutamka. Mwaka huohuo akaondoka Urusi, akaishi ugenini miaka mingi. Hakukimbia kama sisi, lakini naelewa mtu anayetoka katikati ya kicheko na moyo mzito.

Kwani hayo ndiyo yaliyonipata. Kwenye tamthilia kuna wafanyabiashara wanaokwenda kwa "mkaguzi" kumshitaki meya. Anawachukulia vitambaa, anadai zawadi siku ya jina lake, na akishapewa anataka tena kwa siku ya jina jingine. Wanafunzi wangu waliwageuza hao kuwa wachuuzi wa mpakani. Wazo zuri. Lakini waliwapa nini cha kuchekesha? Lafudhi. Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili cha kambini, yule mama anayetafuta neno la Kirundi na kulikosa, furushi likimwangukia kichwani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Meya aliyewaibia hakuna aliyemkumbuka.

Mstari wa tatu alikuwapo mama mmoja muuza mawese, aliyerudi mwaka 2008 kama mimi. Alinyanyuka kabla ya mwisho. Kesho yake nilimfuata sokoni nikamwamkia, akaitikia vizuri, akasema, "Mwalimu, Mugina pale nachekwa bure kila wiki. Mngenidai kiingilio kwa nini?"

Naomba nieleweke. Sisemi mchuuzi ni malaika asiyeguswa. Gogol hakuwaacha. Meya anapowageukia, tunajua kwamba mmoja wao alijenga daraja akaandika mbao za ruble 20,000 wakati hazifiki 100, na meya huyohuyo ndiye aliyemsaidia kufunika. Hilo tulicheze kwa kelele zote, na sisi tunaopitisha magunia njia za vichochoro tujione humo. Kosa la mtu lina ucheshi wake. Kuzaliwa kwake ugenini kuna ucheshi gani?

Tumeanza mazoezi upya. Vitambi vimebaki, suruali zinadondoka kuliko mwanzo. Hongo sasa zinaingia kwa simu, na kila mlio wa ujumbe Khlestakov anaruka kama aliyeumwa na siafu. Lakini wachuuzi wanapoingia, muziki unazimwa, wanazungumza Kiswahili chao cha kawaida bila kubanwa pua. Vivyo hivyo kwa yule mjane aliyechapwa viboko kwa makosa, ambaye meya anasema alijichapa mwenyewe. Kijana anayemwigiza meya ameligundua hilo bila mimi kumwambia: akisema maneno yale taratibu, watu wanacheka, halafu wanaacha ghafla.

Ngoma ya mwisho nimeikataa, na hapo tumegombana. Gogol aliagiza kwamba, habari ya mkaguzi wa kweli ikishafika, wote wagande karibu dakika moja na nusu. Vijana wanasema watazamaji watapiga miluzi. Wapige. Wakichoka kupiga, wataanza kutazamana.

Tutaonyesha siku ya gulio, saa nane mchana, kabla magari hayajaanza kurudi Manyovu. Yule mama nimempelekea habari. Amejibu kwamba atakuja mawese yakiisha, na kwamba kiingilio halipi.