Masisi haina depite: nani atamuuliza waziri juu ya Rubaya?

Kila mtu mwenye alikuwa ananunua unite hapa Birere mwaka wa 2021 anaikumbuka RAM. Unaweka unite kusudi umpigie bwana yako kule Rubaya, ujue kama alitoka shimoni salama. Unite inakatwa mbele hata hujasema alo. Serikali iliita kitu hicho rejista ya telefone: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G kwenda juu. Kwa mtu mwenye kulipwa kwa kilo, na si kila siku, dola 7 si mchezo. Watu walilalamika sokoni, redioni, kanisani. Haikusaidia. Kisha depite mmoja, Claude Misare, mchaguliwa wa Uvira, akamwita waziri wa posta na telefone, Augustin Kibassa Maliba, mbele ya bunge aeleze makuta hayo yanakusanywa kwa sheria gani na yanaenda wapi. Majibu hayakuwaridhisha wabunge, na makelele hayakuzimika tena. Mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa.

Waziri hakuanguka, alibaki kwenye kiti chake. Kodi ndiyo ilianguka, na kwa upande wangu naona hiyo ni bora kuliko kinyume chake. Juu kinyume chake tulikiona pia. Mwezi wa Machi 2022, depite wa Butembo, Crispin Mbindule, alifika mpaka mwisho na waziri wa uchumi, Jean-Marie Kalumba, juu ya bei ya vitu sokoni. Bunge lilipiga kura, waziri akaenda nyumbani. Mama mwenye kuuza Birere atakuambia mwenyewe kama bei ilimfuata.

Tuelewane kwanza juu ya kanuni, maana watu wengi wanafikiri depite anaenda Kinshasa kupokea mushahara tu. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinawapa wabunge na maseneta njia tano za kuichunguza serikali: ulizo la mdomo ao la kuandika, ulizo juu ya jambo la siku hizo, interpelasyo, tume ya uchunguzi, na kumsikiliza waziri mbele ya komisyo. Ulizo la mdomo linaisha bila kura. Waziri anasikiliza, mara nyingi anaomba masaa 48 ya kutayarisha majibu, anarudi na karatasi ndefu, anasoma, watu wanapiga makofi ao miluzi, basi. Kusudi aogope kweli, kunahitajika kifungu cha 146: sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge, ni kusema 50 katika bunge la viti 500, kwa kumwangusha waziri mmoja, robo, ni kusema 125, kwa serikali yote. Kisha masaa 48 mbele ya kura. Masaa hayo 48 yana kazi yake, na kila mtu Kinshasa anaijua. Sahihi iliyowekwa inaweza kutolewa.

Serikali nzima ilianguka kwa njia hiyo tarehe 27 Januari 2021, wakati wabunge 367 walimwangusha Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Usitafute ni ulizo gani la mchimbaji lilimwangusha. Wengi walikuwa wamehama kambi ya Kabila kwenda kambi ya Tshisekedi, na kura ilihesabu tu watu waliohama.

Ndiyo maana mpinzani mwenye kuuliza ana kazi ngumu kwetu. Tuko na sheria ya Desemba 2007 juu ya upinzani, inasema upinzani uwe na msemaji wake anayetambuliwa; kiti hicho kimekaa miaka mingi bila mtu, juu wapinzani wenyewe hawasikilizani. Angalia Ireland, nchi ya watu wanaozidi kidogo milioni tano. Kule viongozi wa upinzani wanasimama Jumanne, Jumatano na Alhamisi, wanamuuliza waziri mkuu ao makamu wake uso kwa uso, na hawaombi ruhusa ya wengi. Kura wanashindwa kila mara, sababu serikali ndiyo yenye wengi. Lakini jibu linaandikwa, linachapwa, na mwaka ujao mtu anaweza kumrudishia waziri maneno yake mwenyewe. Mpinzani mwenye viti kidogo anaishi kwa kitu hicho: jibu lililoandikwa.

Sisi tulikaribia kukipata, na kwa madini. Kisha vita mbili, ile ya 1996 na ile ya 1998, bunge la mpito liliweka tume chini ya depite Christophe Lutundula kuangalia mikataba yote iliyosainiwa wakati bunduki zilikuwa zinalia. Tume ilifanya kazi, iliandika majina ya makampuni, ilisema ni mikataba gani ivunjwe na gani ijadiliwe upya. Raporo ilitolewa Juni 2005. Haikujadiliwa mbele ya wabunge wote. Watu waliisoma kwenye intaneti mwaka uliofuata, kama barua iliyopotea njia. Lutundula mwenyewe alikuja kuwa waziri wa mambo ya kigeni mwaka wa 2021, akakaa upande ule mwingine wa meza. Mikataba mingi iliendelea na safari yake.

Sasa tuje Rubaya, maana ndiko mkate wa nyumba nyingi za huku unatoka.

Rubaya haikukosa watu wakubwa wa kuisemea. Ilikuwa nao wawili, na hiyo ilikuwa sehemu ya shida. Edouard Mwangachuchu, depite wa Masisi kule Kinshasa, ndiye alikuwa mwenye kampuni ya SMB, yenye karatasi za mgodi. Robert Seninga, mkubwa wa bunge la jimbo hapa Goma kuanzia 2019, ndiye alikuwa kiongozi wa COOPERAMMA, koperative ya wachimbaji. Kampuni na koperative zilipatana mwaka wa 2013: wachimbaji wachimbe ndani ya ardhi ya kampuni, wauzie kampuni. Tangu pale ugomvi haukuisha, wachimbaji wakilalamika kwamba wanangojea malipo, kampuni ikilalamika kwamba koltani inapita pembeni. Simsemi mtu vibaya. Naangalia viti tu. Mchimbaji mwenye deni lake angepeleka ulizo kwa nani? Depite wake alikuwa bosi wa upande mmoja, mkubwa wa bunge la jimbo alikuwa bosi wa upande wa pili. Mwangachuchu alikamatwa mwaka wa 2023, na mwezi wa Oktoba mwaka ule Korti Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo kwa uhaini.

Wakati huo huo milango mingine ilikuwa inafungwa pole pole, na wengi hatukuhesabu. Mlango wa kwanza ulifungwa tarehe 6 Mei 2021, état de siège ilipoanza: gavana akawa mwanajeshi, bunge la jimbo likasimamishwa. Tangu siku ile hakuna mtu Goma mwenye haki ya kumwambia gavana "njoo ueleze." Kinshasa iliongeza muda kila siku 15, kila siku 15, mpaka depite wa kwetu mwenye kupinga akawa kama mtu mwenye kupiga hodi kwenye nyumba ya viziwi. Mlango wa pili: tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, sababu ya vita. Kwa hiyo bunge lenye kuketi leo halina depite hata mmoja aliyechaguliwa Masisi. Mahali penye koltani yenye dunia nzima inaigombania, kiti chake bungeni kiko wazi. Mlango wa tatu: mwisho wa Aprili 2024 M23 iliingia Rubaya, na mwisho wa Januari 2025 iliingia Goma.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo liliweka kule Rubaya kitu kama wizara ya madini, lenye kutoa kadi kwa wachimbaji na wanunuzi, na kwamba kodi ya koltani iliingiza karibu dola 800.000 kwa mwezi. Wizara basi iko. Mtoza kodi iko. Bunge ndilo halipo. Hakuna kifungu cha 138 kule juu, hakuna ulizo la mdomo wala la kuandika, na mwenye kuuliza sana anajua namna inaweza kumwishia.

Ukitaka kuona hasara yake, usiangalie pesa tu, angalia wafu. Mwezi wa Juni 2025 udongo uliwaangukia watu Rubaya. Kinshasa ilisema waliokufa ni mamia. Wenye kutawala kule wakasema ni wachache sana. Kwenye nchi yenye bunge lenye nguvu, tofauti ya namna hiyo ingekuwa ulizo la kesho yake asubuhi: lete orodha, majina kwa majina. Kwetu kila upande ulibaki na hesabu yake, na familia zikabaki na wafu wao.

Wengine wataniambia: Kinshasa haitawali Rubaya, waziri atajibu nini? Naikataa hoja hiyo. Mwezi wa Februari 2025 waziri wa madini wa wakati ule, Kizito Pakabomba, alisaini karatasi yenye kuweka migodi ya Masisi na Kalehe kwenye rangi nyekundu, ni kusema koltani yake isinunuliwe. Hiyo ni amri ya Kinshasa, na inamgusa mchimbaji moja kwa moja: mnunuzi anaitumia kumshusha bei, mzigo unapita usiku kwenda ng'ambo ya mpaka, na mwenye shimo ndiye analipia hatari. Mutu mwenye kusaini amri anaweza kuulizwa juu ya amri. Waziri wa sasa, Louis Watum Kabamba, aliyeingia Agosti 2025, anaweza kuulizwa alifikiria nini juu ya kazi ya maelfu ya watu wenye hawakuchagua nani awatawale. Anaweza kuulizwa pia madini ya Masisi yana nafasi gani katika mambo ya uchumi yenye kufuata mapatano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025, na kama kuna karatasi zitakazosainiwa, zitapita bungeni ao zitangojea tume nyingine miaka kumi baadaye.

Masisi haina depite, lakini Goma iko nao, Walikale iko nao, na maseneta wako. Katika bunge lililopita Goma ilimtuma hata mpinzani wa wazi, Jean-Baptiste Kasekwa wa ECiDé. Si kitu kisichowezekana. Depite ni wa taifa, Katiba haimkatazi kuuliza juu ya mji wenye haukumchagua. Na ulizo la kuandika halihitaji sahihi 50 wala kupanga foleni ya maikro. Linahitaji karatasi moja yenye vitu vya kushikika. RAM ilikuwa rahisi kuuliza sababu kila mtu alikuwa na ushahidi kwenye telefone yake. Mchimbaji naye akiwa na risiti ya SAEMAPE ya zamani, kadi ya koperative, tarehe, kilo, bei aliyolipwa na jina la shimo, asiitupe, hata kama imelowa. Mwenye kuhofia kuitembeza aiache kwa mtu wa nyumba.

Sesheni yenye kufunguliwa kila tarehe 15 Septemba inafungwa tarehe 15 Desemba. Ni ya bajeti, mawaziri wote wanapita mbele ya wabunge kuomba pesa, na waziri wa madini ni mmoja wao.