Picha safi ya siku ya ngapi?

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie. Kuna kauli naisikia hapa kampasi na kule nyumbani Mpanda: "Kapigwa picha ya kifua, iko safi, hana kitu." Hana kitu kasema nani?

Nimonia ya virusi haikai mahali pamoja, jamani. Korona ya 2020 ilionyesha wazi. Siku 2 za kwanza za dalili, karibu nusu ya wagonjwa picha zao za CT zilikuwa safi kabisa. Kisha ukungu ukaanza kuonekana pembezoni mwa mapafu, hasa sehemu za chini. Kuelekea siku ya 10 ukaenea na kuwa mzito. Baada ya wiki 2, kwa waliopata nafuu, ukaanza kuyeyuka. Na eksirei ya kawaida huona kidogo kuliko CT!

Kutoa hukumu kwa picha moja ni sawa na kuiona treni ikiwa Kaliua, ukaapa kwamba haifiki Mpanda.

Sisemi kila mwenye kikohozi Katavi apigwe CT kila baada ya siku 3. Hela hatuna, na mionzi nayo si mchezo. Nataka mambo matatu tu: tarehe ya dalili kuanza iandikwe kwenye fomu ya picha, oksijeni ipimwe kidoleni, mgonjwa aambiwe arudi lini. Hapo panahitajika kalamu na kifaa kidogo, basi.

Mnaosoma udaktari, msitetee uvivu. Na wewe ukiambiwa picha safi, uliza: safi ya siku ya ngapi?

Nawasilisha.