Acheni Kulazimisha Pakeji!

Leo sina habari za kantini wala za bumu kuchelewa. Leo nina ugomvi, tena na watu ninaowapenda: mafundi wetu wa hosteli. Ukiwapelekea kompyuta yenye Ubuntu inayogoma kuingiza programu, dawa yao ni moja tu, weka --force. Ikigoma tena, piga fomati. Tatizo likirudi wanatoa hukumu: Linux ni bomu, rudi Windows.

Nakataa. Mfumo unapogoma kuingiza pakeji, mara nyingi unasema ukweli. Anayeulazimisha hajatatua kitu, ameficha tatizo lije kumlipukia mwenye kompyuta wakati yeye fundi ameshaondoka na soda yake mkononi.

Kwa wasiojua mambo haya, wala siyo uchawi. Kwenye Debian na Ubuntu programu nyingi huingia kama pakeji, lile faili la .deb. Ndani yake mna orodha: mimi namhitaji fulani na fulani, na huyu fulani awe toleo kuanzia namba hii. Nyingine zinaandika kabisa kwamba mimi na fulani hatukai nyumba moja. Kazi ya apt ni kutafuta mpango ambao kila mmoja anampata anayemtegemea na hakuna wanaogombana. Si kazi ndogo hiyo jamani. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa EDOS kule Ulaya walionyesha kwamba swali la "je, pakeji hii inaweza kuingia?" liko kwenye lile kundi la maswali magumu mnaloliita NP-complete, nyie wa kompyuta sayansi mnalijua. Halafu wewe unataka kulimaliza kwa --force-all!

Chukueni kisa cha dada mmoja wa mwaka wa tatu. Kompyuta yake ina Ubuntu 22.04. Alihitaji programu fulani ya project, na kwa kubana bando fundi akamletea .deb kwenye flash, kumbe imetengenezwa kwa ajili ya Ubuntu 24.04. Dpkg ikagoma kukamilisha: pakeji inataka libc6 kuanzia toleo 2.38, na 22.04 inayo 2.35. Hapo kila kitu kilishasemwa! libc6 ndiyo maktaba inayoegemewa na karibu kila programu kwenye mfumo, hata ile ls ya kuorodhesha mafaili. Fundi hakusoma, akaweka --force-depends, pakeji "ikaingia". Programu yenyewe haikufunguka hata siku moja manake vitu inavyovitafuta ndani ya 2.38 havipo. Na kuanzia hapo apt ikagoma kuingiza kitu kingine chochote mpaka kwanza palipovunjika parekebishwe. Ndo ikaja dawa ya pili, fomati. Project ya mwaka mzima ilikuwa kwenye /home. Hakuuliza, hakunakili. Zilikuwa zimebaki wiki mbili za kuwasilisha.

Kinachoniuma ni kwamba zilihitajika amri mbili tu. Sudo dpkg --remove pamoja na jina la ile pakeji, kisha sudo apt --fix-broken install. Dakika tano, mfumo umesimama. Halafu unatafuta .deb ya 22.04, basi.

Msidhani ni ushamba wetu sisi wa huku. Novemba 2021 Linus Sebastian, yule wa Linus Tech Tips mwenye watazamaji mamilioni, alikuwa anaingiza Steam kwenye Pop!_OS. Pakeji zilikuwa na mgongano, na kosa la mwanzo lilikuwa la walioziandaa, tuseme ukweli. Lakini apt ilimwonya kwamba anachotaka kitang'oa pakeji muhimu, na ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali, maana yake "ndiyo, fanya ninavyosema". Akaiandika. Eneokazi lote likang'oka, madirisha na menyu zote, akabaki na maandishi kwenye skrini nyeusi. Baadaye waandishi wa apt wakaibana zaidi njia hiyo. Ukisoma orodha ya vinavyoondolewa, unasimama. Usiposoma, hata uwe staa, utaumia vilevile.

Sasa najua majibu yenu. La kwanza: bando ni ghali, ndo maana tunabeba .deb kwenye flash. Hoja hiyo naiheshimu, ila dawa yake ipo. Kwenye kompyuta yako andika apt-get install --print-uris na jina la pakeji, itakupa orodha ya mafaili yanayokosekana kwenye mashine YAKO, kwa matoleo yako. Beba orodha hiyo mpaka penye intaneti ya bure, pakua, rudi nayo. Kuna apt-offline pia, kazi yake ni hiyo hiyo. Na hosteli nzima mkiamua, kompyuta moja inawekwa apt-cacher-ng: pakeji inapakuliwa mara moja tu, wengine wanaichota kwake kwa waya. Shida ya bando haijawahi kumtuma mtu atumie --force.

La pili: siku hizi kuna Flatpak na Snap, migongano ya nini tena? Ni kweli zinapunguza ugomvi, maana kila programu inakuja na mizigo yake. Lakini mizigo hiyo nani anailipia? Flatpak ya kwanza tu inaweza kukushushia mamia ya megabaiti kabla hujaiona programu yenyewe. Na kukopeshana maktaba kuna faida kubwa. Aprili 2014 lilipotangazwa lile tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, aliyekuwa na Debian alisasisha ile pakeji moja ya maktaba, akawasha upya huduma zake, na programu zote zilizokuwa zinaikopa zikapona kwa pamoja. Kila mmoja angekuwa na nakala yake mfukoni, ungezifukuza moja moja.

Kwa hiyo fundi, kabla hujagusa mashine ya mtu, fanya hivi. Nakili /home yake kwanza. Halafu apt install -s, hiyo ni majaribio tu, haigusi kitu, inakuonyesha kitakachoingia na kitakachotoka. Tumia apt-cache policy na jina la pakeji inayolalamikiwa, utaona matoleo yaliyopo na kila moja linatoka ghala gani. Nyingi ya kesi zinaishia hapo, unakuta mtu kachanganya ghala la toleo moja na la jingine, au kaongeza PPA akaisahau. PPA inaondolewa kwa ppa-purge, ambayo inarudisha pakeji kwenye matoleo ya Ubuntu. Angalia apt-mark showhold, huenda kuna pakeji iliyofungwa isisogee. Ukiwa na .deb mkononi tumia apt install ./faili.deb badala ya dpkg -i, maana apt itakwenda yenyewe kutafuta wanaohitajika. Na nyie wa Python, tengenezeni venv! Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 pip inakataa kuingiza vitu juu ya mfumo, na kipengele cha kuilazimisha kimepewa jina --break-system-packages. Jina lenyewe linakwambia utavunja, bado unaandika?

Mwaka 2004 pale Mlimani wenzetu wa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walikaa wakatafuta maneno, menyu kwa menyu, ili kompyuta iongee nasi tuielewe. Leo kompyuta inaongea, tena inataja jina la pakeji na namba ya toleo, na sisi wasomi wa chuo kikuu tunaiziba mdomo. Kama hatusomi ujumbe, uhuru wa kuufungua mfumo una faida gani kwetu? Tutabaki kumtegemea fundi na fomati yake, kama zamani.

Nawasilisha. Anayebisha na abishe hapo chini, ila aje na ujumbe wote alioandikiwa na kompyuta, mstari kwa mstari. "Inagoma tu" siyo ujumbe.