MAONI YETU: ANAYEZIJUA NYASI ASIKILIZWE



Sisi tunaofanya kazi katika viwanja vya gofu hapa Kenya tumezoea kuona nyasi mwaka mzima. Leo tunataka kuwaeleza habari za wenzetu wa nchi za baridi kali, kama Kanada na jimbo la Minnesota huko Marekani. Kazi yao ni hii hii yetu, na shida yao twaijua.

Huko uwanja hufungwa karibu na mwezi wa Novemba, theluji ikaufunika mpaka Machi au Aprili. Majira ya kuchipua yakianza, wachezaji hufika langoni na mifuko yao wakiuliza, "Mnafungua lini?" Wanaona jua linawaka, basi hudhani watu wa uwanja ni wavivu. Lakini mtu wa kazi anajua lisiloonekana. Udongo huyeyuka kwanza juu, huku chini bado umeganda kama jiwe, na maji hayana pa kwenda. Watu wakikanyaga wakati huo, mizizi hukatika na udongo hushindiliwa. Hata asubuhi yenye umande ulioganda, mguu mmoja tu huvunja majani, na alama ya kiatu hubaki.

Kwa hiyo wenzetu huenda kwa utaratibu. Huondoa vifuniko juu ya grini, hutafuta ukungu unaoota chini ya theluji, huokota matawi, husawazisha mchanga. Mabomba, ambayo yalitolewa maji kwa upepo wa mashine kabla ya baridi, hujazwa polepole, maana maji yakiingia kwa kishindo huyapasua. Majani hukatwa marefu kwanza, kisha mashine hushushwa kidogo kidogo.

Sasa twauliza: ujuzi huu umewekwa wapi? Umo kichwani mwa mtu aliyeona majira mengi, anayejua bonde lipi huchelewa kukauka na bomba lipi lilivuja mwaka jana. Na mara nyingi mtu huyo ndiye aliyeachishwa kazi Novemba! Asipoitwa tena, ujuzi umekwenda naye. Ndiyo sababu vyama vya wafanyakazi vya huko hudai katika mapatano kwamba wa msimu uliopita waitwe kwanza, kwa kufuata miaka ya utumishi wao.

Kwetu hakuna theluji, lakini masika yapo. Mtu wa uwanja akisema leo mashine isiingie kwa kuwa maji yamejaa, mara ngapi hujibiwa kwamba wageni wamekwisha lipa? Na uwanja ukiharibika, nani hulaumiwa? Ni kibarua yule yule, ambaye kila baada ya miezi michache huambiwa aende nyumbani, kisha huitwa tena kana kwamba ni mgeni.

Ndugu, sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kukata nyasi si kazi ya kumalizika. Nyasi huota kila siku.

Basi tufanye hivi. Kila kibarua aandike siku zake za kazi katika daftari, na atunze kila karatasi ya malipo. Akiambiwa aende, asiondoke kimya. Amwone katibu wa tawi siku ile ile. Nao wazee wa kazi wawafundishe vijana bila choyo, maana ujuzi uliofichwa hautuletei heshima.

Kwa waajiri tunasema neno moja. Mnanunua mashine za bei kubwa na mnazihifadhi vizuri mvua ikinyesha. Mhifadhini na mtu anayeziendesha.

Umoja ni nguvu.