Saa 24 Tulizozisahau

  

Ndugu wasomaji, wazazi watukufu na wanafunzi wapenzi, usiku mmoja miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya isha, mama mmoja alitujia mlangoni amejitupia buibui kwa haraka, viatu mguu huu na huu havifanani. "Maalim, wamemchukua mwanangu." Kijana huyo tulimsomesha wenyewe, Juzuu Amma aliihifadhi mbele yetu. Tukaondoka walimu watatu mpaka kituo kimoja cha polisi. Kwanza tukaambiwa hayupo. Baadaye tukaambiwa yupo, anahojiwa. Tulipouliza atafikishwa mahakamani lini, afisa wa zamu akatuuliza, "Kwani nyinyi ni mawakili?" Tukanyamaza. Kijana alikaa ndani siku nne, kisha akaachiwa bila ya kushtakiwa.

Kutokuwa mawakili si aibu. Aibu yetu ni kuwa jibu la yule afisa lilikuwemo katika Katiba tuliyoipigia kura sisi wenyewe, tena tukaipigia debe misikitini, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyelijua.

Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajazaliwa wakati huo, basi tuwaeleze. Mahakama za Kadhi ziliwekwa katika Katiba ya uhuru kutokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar juu ya ukanda wa Pwani wa maili 10. Katiba mpya ilipoanza kuandikwa, viongozi kadhaa wa makanisa walikwenda kortini mwaka 2004 kuzipinga mahakama hizo, na tarehe 24 Mei 2010 Mahakama Kuu ikawakubalia. Zilibakia wiki kumi tu kabla ya kura ya maamuzi. Mnakumbuka, wazazi, joto lililokuwepo? Kila khutba ni Kadhi, kila kikao cha harusi ni Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi wakapiga kura, kiasi cha asilimia 67 wakasema Ndiyo, na tarehe 27 Agosti Katiba ikatiwa saini. Kadhi akabaki, katika Kifungu cha 170. Tukasema alhamdulillahi, tukafunga kitabu.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikilinda chumba kimoja cha nyumba na vyumba vingine hatukuingia hata kutazama.

Kwa maoni yetu, katika Katiba ile yote kifungu kilichowagusa vijana wetu zaidi ni cha 49, kuliko hata cha 170. Kifungu hiki kinasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoifahamu, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, bila ya kupita saa 24. Saa hizo zikimalizikia siku ambayo korti imefungwa, basi mwisho ni siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo aliyekamatwa Ijumaa usiku anatakiwa awe amefika mbele ya hakimu Jumatatu. Siku nne za kijana wetu zilianza Jumatatu.

Na msidhani saa 24 ni jambo lililokuwepo siku zote. Mwaka 1988 Bunge la wakati huo, la chama kimoja, liliibadilisha Katiba na kuwapa polisi siku 14 za kumshikilia mtu anayeshukiwa kwa kosa lenye hukumu ya kifo. Kosa hilo si mauaji tu, hata wizi wa mabavu umo. Mabadiliko hayo hayo yakaondoa ulinzi wa kazi za majaji, ikawa jaji anaweza kuondolewa kwa urahisi. Hebu fikirini: umemuongezea mkamataji siku, na papo hapo umemtia khofu yule ambaye mkamatwa angemlilia. Majaji walirudishiwa ulinzi wao mwaka 1990. Zile siku 14 zilibaki mpaka 2010, miaka 22, na katika miaka hiyo sisi Waislamu hatukuzipigia kelele kama tulivyompigia Kadhi.

Januari 2007, vita vya Somalia vilipowasukuma watu mpakani, makumi ya watu walioshikwa Kenya walipakiwa katika ndege wakapelekwa Somalia, kisha wengi wao wakajikuta Ethiopia. Baadhi yao walikuwa raia wa Kenya. Hakuna Kadhi ambaye angeliweza kuwasaidia hao. Kilichohitajika ni jaji wa kuuliza, "Yuko wapi mtu huyu? Mleteni." Agizo hilo sasa limo katika Kifungu cha 25, pamoja na marufuku ya mateso, kati ya mambo machache ambayo hayawezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile.

Kweli, maandishi peke yake hayamfungulii mtu mlango. Aprili 2014, Katiba mpya ikiwa na miaka mitatu na ushei, watu kwa maelfu walikamatwa Eastleigh, wengine wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, na wako waliopitisha hizo saa 24 mara nyingi. Lakini mwaka huo huo Bunge lilipopitisha mabadiliko ya sheria za usalama, walijitokeza watu wakaenda kortini, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000. Wengi wa mawakili waliosimama siku hizo hawakuwa Waislamu. Allah awalipe kheri.

Wako wazazi wanaotuambia kwamba haki za mtu binafsi ni mambo ya Wazungu, na kwamba kwa jina la uhuru hudaiwa hata yale ambayo dini yetu haiyakubali. Hilo la pili ni kweli, na msimamo wetu tunausema bila ya kuficha. La kwanza hatulikubali. Yanasimuliwa masimulizi mashuhuri ya Sayyidna Umar (R.A.) alipopanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi moja, lakini Amirul Muuminin ameasi matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakubisha hodi kwa salamu. Umar akanyamaza, akaondoka. Mlevi yule alikuwa na haki zake. Na Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari tunayoletewa tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na inatukataza dhana na upelelezi. (Mwanafunzi wetu mmoja aligundua kwamba Hujurat ni sura ya 49, kama kile kifungu. Tulimpongeza, tukamwambia pia asiifanye kuwa itikadi!)

Zamani Katiba ilibadilishwa kwa kura za wabunge asilimia 65, na mwananchi akasikia redioni. Leo anayetaka kuigusa sura ya haki lazima aje kwetu kwa kura ya maamuzi, kwa mujibu wa Kifungu cha 255. Hata hivyo majaribio hayajesha. Mswada wa BBI ulisimamishwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, na walioanzisha kesi ile walikuwa raia. Ukija mswada mwingine, tunaomba wazazi msiulize tu, "Kadhi yumo?" Ulizeni na saa 24 zimo. Tena kinga inayoiruhusu sheria yetu ya ndoa, talaka na mirathi imo katika sura hiyo hiyo ya haki, Kifungu cha 24.

Nakala ya Katiba ya Kiswahili ipo katika kabati la ofisi yetu, rafu ya chini, karibu na misahafu ya akiba. Darasa la juu wameshaanza kukisoma Kifungu cha 49 siku za Alhamisi baada ya alasiri, na mzazi anayetaka kukaa nyuma na kusikiliza anakaribishwa. Yule kijana wetu huja siku hiyo kumchukua mdogo wake. Mpaka leo hajaambiwa alikamatwa kwa nini.

Wabillahi tawfiq.